Miji jirani, tabaka moja la maji: tufuate Geneva, San Antonio au Orange County?

Ukisimama Tiwi, kaunti ya Kwale, chini ya miguu yako kuna tabaka la maji, yaani mchanga na mwamba uliojaa maji, na maji hayo hunywewa na watu wa serikali mbili za kaunti. Visima vya Tiwi hupeleka maji Ukunda na Diani, na hupeleka pia Likoni, ambayo ni Mombasa. Kaskazini mambo ni hayo hayo. Visima vya Baricho, kandokando ya mto Sabaki katika kaunti ya Kilifi, hunywesha Malindi, Kilifi mjini, Mtwapa na mitaa ya Mombasa ya bara kaskazini. Mombasa yenyewe hupata karibu maji yake yote ya bomba kutoka nje ya mipaka yake: Mzima, Marere, Tiwi na Baricho. Mabomba haya yaliunganisha miji ya Pwani kabla hata kaunti hazijazaliwa mwaka 2013.

Kwa hiyo swali la kugawana maji ya chini ya ardhi si geni kwetu. Lililobaki ni namna ya kuyagawa kwa maandishi, ili mji mmoja ukiongeza pampu, jirani asiamke na kukuta kisima chake kimeingia munyu. Miji mingine duniani imeshapita njia hii. Nimechagua mitatu, kila mmoja na mkataba wa aina yake, niiweke bega kwa bega. Nina upande wangu, na sitauficha.

Kwanza, gharama ya kutokubaliana

Memphis, katika jimbo la Tennessee nchini Marekani, iko mpakani kabisa na jimbo la Mississippi. Mji huo hunywa maji ya visima, na pampu zake zimeshusha kiwango cha maji hadi ng'ambo ya mpaka. Mississippi ilikwenda mahakamani ikidai kwamba maji yake yameibiwa, na ikataka fidia ya angalau dola milioni 615. Kesi ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2005. Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa uamuzi tarehe 22 Novemba 2021, na majaji wote walikuwa na kauli moja: tabaka la maji linalopita chini ya majimbo mawili ni la kugawanywa kwa haki, kama mto unavyogawanywa, na hakuna jimbo linaloweza kulidai kuwa mali yake peke yake. Mississippi haikupata hata senti. Miaka 16 ya mawakili, na mwishowe wakaambiwa jambo ambalo wangeweza kulianza wenyewe mezani.

Nimeanza na Memphis kwa sababu kuna watu kwetu wanaodhani kuacha mambo yalivyo ni njia ya bure. Si ya bure. Bili yake huchelewa tu kufika.

Geneva: rudisha unachochota

Tabaka la maji la Geneva lina urefu wa kilomita 19 hivi, na mpaka wa Uswisi na Ufaransa unapita juu yake. Upande mmoja ni jimbo la Geneva, upande wa pili ni miji midogo ya Haute-Savoie, Ufaransa, mkubwa wao ukiwa Annemasse. Katika miaka ya 1960 na 1970 kila upande ulichota bila kumuuliza mwenzake. Kiwango cha maji kikashuka zaidi ya mita 7 katika miaka 20, na theluthi moja ya akiba ikawa imekwenda.

Hapo wakawa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kujenga mtambo mpya wa kusafisha maji ya ziwa. Ya pili ilikuwa kuchukua maji ya mto Arve, kuyasafisha, kisha kuyaingiza ardhini yateremke hadi kwenye tabaka. Wakachagua ya pili, kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi kwa mfuko. Mkataba ulitiwa saini mwaka 1978 kwa muda wa miaka 30, na kituo cha kuingiza maji ardhini, pale Vessy, kikaanza kazi mwaka 1980.

Mkataba wenyewe ndio unaonivutia zaidi. Geneva ilijenga kituo kwa fedha zake na kinabaki mali yake. Wafaransa wana haki ya kuchota mita za ujazo milioni 5 kwa mwaka, na katika hizo milioni 2 hawazilipii ada ya kuingiza maji, kwa kuwa sehemu ya maji huingia kwa njia ya asili kutoka ardhi yao. Zinazozidi hapo wanalipia. Kila kisima kina mita. Kamati ina watu 6, watatu kila upande, na katika kila watatu wawili lazima wawe wataalamu wa maji. Siasa imeachiwa kiti kimoja kwa kila upande.

Mwaka 2007 mkataba ulipokaribia kwisha waliuandika upya, ukaanza kazi Januari 2008. Safari hii waliotia saini upande wa Ufaransa ni miji yenyewe, si ofisi ya serikali kuu. Kwangu hilo si jambo dogo. Wanaofungua mfereji ndio waliobeba ahadi.

Kituo cha Vessy kina mlango. Arve ikichafuka, au ikijaa matope, mlango unafungwa na maji ya mto hayaingii ardhini mpaka yasafike. Likumbuke hilo, kwa sababu nitalirudia nikifika Baricho.

Udhaifu wa mtindo huu ni kwamba unahitaji mwenye nguvu na fedha anayekubali kutangulia. Geneva ilikuwa mji tajiri uliokuwa ukichota sehemu kubwa ya maji, ikabeba gharama ya kwanza. Pale ambapo kila mmoja anamsubiri mwenzake atoe, mkataba wa namna hii hufia kwenye rasimu.

San Antonio: kata kikombe, kisha mtazame kisima

San Antonio, Texas, kwa miaka mingi ulikuwa mji mkubwa ulioishi kwa tabaka moja tu, liitwalo Edwards. Ni mwamba wa chokaa wenye nyufa na mapango, na tabaka hilo hilo ndilo linalobubujisha chemchemi za Comal katika mji wa New Braunfels na za San Marcos katika mji wa jina hilo. Juu yake wako wakulima, viwanda na miji midogo.

Sheria ya Texas tangu mwaka 1904 ilikuwa na neno moja: mwenye ardhi na achote kadiri awezavyo. Matokeo yake yakaonekana katika ukame wa miaka ya 1950. Mwaka 1956 chemchemi za Comal zilikauka kwa siku 144. Hata hivyo kilichowasukuma viongozi wachukue hatua hakikuwa kiu ya watu. Mwaka 1991 shirika la mazingira la Sierra Club lilifungua kesi kwa ajili ya viumbe wanaoishi kwenye chemchemi hizo, akiwemo samaki mdogo wa kutosha kwenye kiganja cha mtoto. Mwaka 1993 jaji akaamua kwa upande wao, na bunge la Texas, likiogopa serikali kuu ya Marekani isije kushika usukani, likaunda mamlaka ya tabaka la Edwards mwaka huo huo. Kesi nyingine zikaichelewesha, na ikaanza kazi mwaka 1996.

Mamlaka hiyo inaongozwa na bodi ya wakurugenzi 15 wanaochaguliwa kwa kura. Inatoa vibali, na jumla ya vibali vyote ina kikomo. Tangu mwaka 2007 kikomo ni takriban mita za ujazo milioni 705 kwa mwaka. Vibali vinaweza kukodishwa na kuuzwa, kwa hiyo mji unaokua hununua haki kutoka kwa mkulima. Ila nusu ya haki ya mkulima imefungwa kwenye shamba lake, isije ikauzwa yote ardhi ikabaki vumbi.

Kikomo peke yake kisingetosha, kwa sababu mwaka wa mvua haufanani na mwaka wa ukame. Ndipo kinapoingia kisima kiitwacho J-17, katika kambi ya jeshi ya Fort Sam Houston mjini San Antonio. Hakichotwi kwa matumizi. Kinapimwa tu. Wastani wa siku 10 ukishuka chini ya futi 660 juu ya usawa wa bahari, yaani kama mita 201, kila mwenye kibali katika eneo hilo anapunguza asilimia 20. Ukizidi kushuka anapunguza 30, kisha 35, 40, mpaka 44. Hakuna kikao cha dharura wala simu ya mheshimiwa. Namba imeshuka, pampu zinapunguzwa. Na kiwango cha kisima hicho hutangazwa mjini pamoja na habari za hali ya hewa, hata mama anayemwagilia bustani anajua leo kimefika wapi.

Huo ndio ufundi ninaoupenda kuliko wote katika ulinganisho huu. Ninalolikataa ni biashara ya haki. Texas haikuwa na budi, maana kule maji yaliyo chini ya shamba ni ya mwenye shamba. Mahakama ya Juu ya jimbo ilisisitiza hilo mwaka 2012, ikasema mamlaka ikimnyima mtu maji yake huenda ikalazimika kumlipa fidia. Kenya haiko hivyo. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inasema rasilimali za maji ziko mikononi mwa serikali ya taifa kwa niaba ya wananchi, na kibali ni ruhusa ya kutumia, si hati ya umiliki. Tukianzisha soko la vibali Pwani tutakuwa tumejitwisha tatizo ambalo hatukuzaliwa nalo, na nina hofu kubwa kwamba mnunuzi wa kwanza hatakuwa kioski cha maji cha Likoni.

Orange County: anayezidisha alipe

Kusini mwa Los Angeles, Orange County ina tabaka la mchanga linaloishia baharini. Chombo kinacholisimamia kiliundwa mwaka 1933 na bunge la California, na leo miji na mashirika ya maji 19 yanachota humo. Kufikia mwaka 1956 uchotaji ulikuwa umeshusha maji chini ya usawa wa bahari, na chumvi ikaingia bara kilomita kadhaa. Mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa maana yake. Kisima kikishaingia munyu hakirudi kwa msimu mmoja wa masika.

Hawakukata haki za mtu yeyote. Kila mji unaruhusiwa kuchota, lakini kwa kila ujazo unalipa ada ya kurudishia maji. Kila mwaka chombo kinatangaza asilimia ya mahitaji ambayo mji unaweza kuyapata ardhini. Ukivuka hapo unatozwa nyongeza inayofanya maji ya kisima yawe ghali sawa na maji yanayonunuliwa kutoka mbali. Haja ya kuzidisha inakufa yenyewe.

Fedha hizo hununua maji ya kurudisha. Karibu na bahari wamepanga mstari wa visima ambavyo kazi yake ni kusukuma maji matamu ndani, yajenge ukuta dhidi ya chumvi. Tangu mwaka 2008 sehemu kubwa ya maji hayo hutoka kwenye maji taka yanayosafishwa kwa hatua tatu mpaka yafikie kiwango cha kunywa. Baada ya upanuzi uliokamilika mwaka 2023, mtambo unaweza kutoa lita milioni 492 kwa siku.

Najua msomaji wa Mombasa ameshaguna. Maji taka? Hili si suala la kinyaa tu, ni suala la tahara, na lina majibu yake. Mwaka 1978, baada ya kushauriana na wahandisi, Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudi Arabia lilitoa fatwa kwamba maji taka yaliyosafishwa mpaka yakarudi hali yake ya asili, bila kubadilika rangi, ladha wala harufu, ni safi kidini, na yanafaa hata kwa udhu maadamu hayana madhara kwa afya. Kwa hiyo mlango wa dini haujafungwa. Kizito zaidi ni gharama za mtambo na umeme wake, na hapo mji wenye mabomba ya maji taka yasiyofika mitaa mingi lazima uanze na mabomba.

Tukiiweka bega kwa bega

Watu wengi wakilinganisha mikataba huanza na swali la nani anapata kiasi gani. Baada ya kuisoma hii mitatu naona swali la kwanza ni jinsi tabaka linavyojaa. Geneva ni changarawe kando ya mto, ikajenga mkataba juu ya mto. Edwards ni chokaa yenye nyufa, hupanda na kushuka upesi, ikajenga mkataba juu ya kisima cha kupimia. Orange County ni mchanga unaopakana na bahari, ikajenga mkataba juu ya ukuta wa maji matamu na ada ya kuulipia. Kila mji ulisikiliza ardhi yake kwanza, hata kama ulichelewa.

Tukiwa na kipimo hicho, Baricho na Tiwi haviwezi kuwa na mkataba mmoja, ingawa mabomba yake yanakutana Mombasa.

Baricho ni Geneva yetu. Visima viko kwenye mchanga wa mto na Sabaki ndio unaovijaza. Ila sisi hatuna mlango wa Vessy. Sabaki ni mto ule ule uitwao Athi kule juu, unaopokea maji machafu ya Nairobi kabla ya kuteremka Galana hadi kwetu, na unaingia ardhini wenyewe, mchana na usiku, uwe safi au uwe mchafu. Kwa hiyo mkataba wa Kilifi, Malindi na Mombasa usioitaja Nairobi utakuwa nusu mkataba. Katika mtindo wa Geneva ningechukua kamati ndogo yenye wataalamu wengi kuliko wanasiasa, mita kwenye kila kisima, na ile hesabu ya kiasi kisicholipiwa kwa upande ambao maji huingilia. Kilifi ina haki ya kudai kiasi hicho. Ndiyo yenye mto na ndiyo yenye vijiji vinavyolitazama bomba likipita kuelekea mjini. Mombasa ikikubali hilo mapema, itapata utulivu ambao pampu mpya haiwezi kuununua.

Tiwi inafanana na Orange County: mchanga na mwamba wa matumbawe, bahari mlangoni. Adui wake ni chumvi, na chumvi huletwa na kila anayechota, pamoja na hoteli na nyumba zenye visima vyao binafsi. Mkataba kati ya kaunti mbili unaohesabu visima vya umma peke yake utakuwa umefunga mlango wa mbele na kuacha wa uani wazi. Hapa ada kwa kila ujazo ndiyo inayofaa, itozwe kwa hoteli kama inavyotozwa kwa mji, na iingie kwenye mfuko wa kurudisha maji: kuvuna mvua ya paa na ya barabara na kuiingiza ardhini kwanza, maji taka yaliyosafishwa baadaye uwezo ukipatikana. Nyumba yenye kisima cha kamba na ndoo isiguswe na ada hiyo. Nimekulia kwenye nyumba ya namna hiyo na najua kile kisima kinabeba watu wangapi mfereji ukikauka.

Soko la haki la San Antonio nimeshalikataa kwa pande zote mbili. Kisima chake cha kupimia nakitaka pande zote mbili.

Sababu moja imeandikwa Makutupora, karibu na Dodoma, ambako visima vimekuwa vikinywesha mji tangu miaka ya 1950. Kumbukumbu za viwango vya maji za miaka 55 zilionyesha kwamba tabaka lile halijai kidogo kidogo kila mwaka. Hukaa likishuka miaka, kisha msimu mmoja wa mvua kubwa, kama ule wa El Niño wa 1997 na 1998, unalirudisha juu. Ukiandika kwenye mkataba kiasi kimoja cha kuchota kwa miaka yote, utakuwa mwingi mno miaka ya kiangazi na mdogo mno baada ya mvua. Afrika Mashariki inahitaji kikomo kinachotembea na kisima.

Sheria inaruhusu?

Inaruhusu. Kifungu cha 189 cha Katiba ya Kenya kinazitaka serikali zishirikiane, na kinasema zinaweza kuunda kamati za pamoja na mamlaka za pamoja. Vibali vya kuchota hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, si na kaunti, kwa hiyo mamlaka hiyo lazima iwe mezani tangu siku ya kwanza, iandike masharti ya mkataba ndani ya vibali vyenyewe. Ada nayo, ikiingia kwenye bili ya mteja, itapita kwa bodi inayodhibiti huduma za maji. Ni njia ndefu, lakini kila mlango wake tayari upo na una mwenye ufunguo.

Upande wa Tanzania mambo yako tofauti kidogo. Maji husimamiwa kwa mabonde 9, kila bonde na bodi yake, kwa hiyo Dar es Salaam na majirani zake wa Mkoa wa Pwani tayari wana meza moja wanapotazama tabaka la Kimbiji. Wao ningewaelekeza moja kwa moja kwenye ada na ukuta wa chumvi wa Orange County, maana visima vingi vilivyochimbwa mjini baada ya ukame wa 1997 vimeshawaonyesha chumvi ni nini.

Kwa Tiwi, kazi inayoweza kuanza kabla ya saini yoyote ni kuchagua kisima chetu cha J-17. Kiwe kati ya visima vya mji na ufuo, kisichotwe, kipimwe kina na chumvi kila siku, na watu wa Kwale na wa Mombasa wawe na ufunguo wa kifuniko chake, kila upande wa kwake. Namba zake zisomwe redioni asubuhi, pamoja na saa za maji kujaa na kupwa.